Nimeambiwa niwafunze walimu wenzangu kufundisha biolojia P4 mpaka P7, nianzie wapi?

Madamu_Kyegegwa

Habari zenu walimu na wengine wote. Ni ndefu kidogo mnisamehe, mwenye haraka aruke mpaka swali kule chini.

Mimi nafundisha sayansi P6, yaani darasa la sita la msingi, huku Kyegegwa, Uganda, shule iko jirani na kambi ya wakimbizi ya Kyaka II kwa hiyo watoto wengi ni Wakongo, Kiswahili ndiyo lugha yao ya kiwanjani na hata watoto wetu wa makabila ya Watooro na Wakiga siku hizi wanakiokota hukohuko kwenye mpira. Darasani lakini ni Kiingereza, na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni Kiingereza, mnajua wenyewe.

Sasa muhula uliopita CCT, yule mratibu anayezungukia walimu mashuleni, alikuja akakaa nyuma ya madarasa matatu, akaandika andika, akatoka akamwambia hedimasta kwamba upande wa viumbe hai, yaani mimea, wanyama, mwili wa binadamu, magonjwa, sisi tunafundisha kama katekisimu. Mwalimu anasema, watoto wanaitikia, kengele. Hedi akaangalia huku akaangalia kule akaninyooshea kidole mimi eti kwa sababu niko na diploma. Nimepewa Jumatano nne baada ya masomo, walimu kumi na mmoja, "niwafunze kufundisha biolojia vizuri". Bajeti ni karatasi za manila sita na chai. Posho hakuna (posho ya hela nasema, ile ya unga ipo hehe).

Lakini kilichonikaa moyoni zaidi si maneno ya CCT. Ni karatasi moja ya mtihani wa P5. Swali lilikuwa taja wadudu watatu, kwa Kiingereza bila shaka, na mtoto mmoja Mkongo kaandika mbu, buibui, malaria. Mwenzangu kampa tiki mbu, tiki buibui, malaria kapiga msalaba mkubwa mpaka karatasi imechanika. Nikamwita yule mtoto nikamwuliza malaria imeingiaje hapa, akanijibu bila wasiwasi kabisa, "Madamu, daktari alinipima akaniambia niko na mdudu kwenye damu." Nikanyamaza. Mtoto hakusema ujinga, ni neno ndilo limemwangusha. Halafu nikamwuliza mwenzangu, na buibui tiki ya nini? Akanishangaa, "kwani buibui si mdudu?"

Banange. Hapo ndipo nikajua shida haiko kwa watoto peke yao. Na mimi sijitoi, chuoni nilikosoma tulifundishwa kupanga skimu za kazi kwa rula na wino wa rangi mbili, ila sikumbuki hata siku moja mtu kutupa mbegu mkononi akasema haya, iko hai au haiko hai.

SWALI: Jumatano ya kwanza nafanya nini? Nilifikiria niandike notsi mpya za mada zote niwagawie, lakini naona kama nitakuwa nawapa katekisimu nyingine. Darasa letu dogo kuliko yote lina watoto 86, langu 118. Maabara hatuna, maikroskopu wengine hawajawahi kuiona.

---

chaki_na_vumbi

Notsi usitoe. Kabati zimejaa notsi, panya wanazisoma kuliko walimu.

---

Babu_Tyuta

Madamu pole na hongera. Mimi niko West Nile, nimefundisha walimu chuoni miaka mingi kidogo, sasa niko karibu kupumzika. Wacha nikuambie ninachokijua maana hilo la buibui nimeliona mara nyingi mpaka nimechoka kucheka.

Jumatano ya kwanza usifundishe. Fanya hivi. Kata vikaratasi, andika sentensi tano, kila mwalimu aweke alama ya ndiyo au hapana, bila jina, bila neno lolote la mkono ili mwandiko usijulikane, akunje atie kwenye kofia. Sentensi zangu mimi ni hizi: mbegu kavu ya maharage iko hai. Mti unapata chakula chake kwenye udongo. Hewa tunayoitoa puani haina oksijeni tena. Buibui ni mdudu. Mimea inapumua usiku tu. Halafu mnahesabu pamoja ubaoni. Nakuhakikishia chumba kitagawanyika. Na hapo ndipo wengi wanakosea, mwezeshaji anakimbilia kutoa majibu. Usitoe. Waache wagombane, waende nyumbani nayo. Mwalimu aliyelala na swali siku saba atafundisha tofauti na aliyepewa jibu dakika ile.

La kutoweka jina usilipuuze. Mwalimu wa miaka kumi na tano hawezi kukiri mbele ya kijana aliyeajiriwa juzi kwamba hajui kama mbegu iko hai. Ataanza kupinga semina yenyewe, atauliza chai iko wapi. Aibu ndiyo adui mkubwa kwenye kufundisha walimu, kuliko hata ukosefu wa vifaa.

Sasa la mbegu, ni rahisi na halina gharama. Maharage kumi mabichi makavu, maharage kumi mengine uyachemshe nusu saa kisha uyapoze. Pamba ileile, maji yaleyale, kivuli kilekile, makopo mawili. Kabla hamjaanza KILA MTU aandike anachotegemea. Siku ya nne ya tano kopo moja lina vimizizi, jingine linanuka. Ndipo uulize, moto uliua nini kama hakikuwa hai? Walimu wengi wanaotesha yale mabichi tu halafu wanasema "mmeona watoto, mbegu inaota". Bila kopo la pili hujaona kitu, hiyo ni bustani si sayansi. Kopo la pili ndilo somo lenyewe, na ukifanikiwa kuwafanya walimu kumi na mmoja waelewe kwa nini kopo la pili lipo, Jumatano zako nne zimelipa.

La mti kula udongo, wape hadithi ya van Helmont. Huyu alikuwa mtu wa huko Ubelgiji ya leo, kazi yake ilichapishwa 1648 akiwa ameshakufa. Alichukua udongo mkavu ratili 200, kama kilo 90, akautia kwenye pipa, akapanda mche wa ratili 5, akawa anaumwagilia tu. Miaka mitano. Mti ukafika ratili 169 na kidogo. Akaukausha udongo tena akaupima, umepungua wakia mbili hivi, yaani gramu hamsini na kitu. Sasa simama hapo, waulize walimu, zile kilo zaidi ya sabini za mti zimetoka wapi? Wacha waseme. Yeye mwenyewe alisema ni maji tu, na hapo alikosea kwa sababu hakufikiria hewa, mmea unachukua kaboni dioksidi hewani ukaunganisha na maji kwa nguvu ya jua, tunaita usanisinuru. Mimi napenda hadithi hii hasa kwa sababu mwenye nayo alipima vizuri miaka mitano na bado akakosa nusu ya jibu. Mwalimu akisikia hivyo anapumua.

Na la mdudu. Usiwaambie watoto wala walimu kwamba Kiswahili kimekosea. Kwetu sisi mdudu ni kitu kidogo chochote kinachotembea au kinachouma, na hata kisichoonekana. Luganda vilevile, wanasema akawuka kwa virusi vya ukimwi, na ni kijidudu hicho hicho. Neno la nyumbani ni pana, neno la darasani ni jembamba. Mwambie mtoto hivyohivyo. Chora ubaoni duara kubwa "mdudu wa nyumbani", ndani yake wakusanye wote, mbu, buibui, kupe, minyoo, mdudu wa malaria, halafu mchore duara dogo ndani la wenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu. Watoto watalijaza wenyewe. Waache wabishane kwa Kiswahili, neno la Kiingereza libandikwe mwishoni kama kibandiko. Mtihani utataka neno, sawa, lakini neno bila kitu ni nanga bila kamba.

Kufundisha mada za uzazi nitakuandikia siku nyingine, hiyo ina mambo yake, kwa sasa hakikisha tu mwalimu mlezi wa wasichana yumo chumbani.

---

senene_season

Mzee umeongea. Naongeza kadogo tu, msimu wa senene ukifika, Novemba hivi, usinunue chati ya mdudu. Kila mtoto anajua kunyofoa miguu na mbawa kabla ya kukaanga. Mwambie asinyofoe kwanza, ahesabu. Miguu sita, ya nyuma mirefu, mbawa jozi mbili, papasi ndefu hizo za kichwani. Mimi mwalimu wangu wa P5 alifanya hivyo Masaka na mpaka leo nikila senene nahesabu 😂 halafu somo likiisha mnakaanga.

---

Mwl_Mpakani_Busia

Nimesoma yote. Mimi nafundisha upande wa Uganda ila mke wangu ni mwalimu upande wa Kenya kwa hiyo nyumbani kwetu ni semina kila jioni.

Wenzetu wa Kenya walikuwa na SMASSE, mafunzo ya walimu wa sayansi na hisabati, tangu 1998 kwa msaada wa Wajapani, kwanza sekondari baadaye ikashuka mpaka primari, na sisi Uganda tukapata ndugu yake SESEMAT mwaka 2005, lakini ya sekondari tu. Sisi wa primari tukabaki tunachungulia dirishani kama kawaida. Mke wangu anasema semina kubwa kubwa za siku kumi alizisahau, kilichobaki ni kitu kimoja: kutayarisha somo MOJA pamoja, mmoja afundishe, wengine wakae ndani, halafu walirekebishe na mwingine alifundishe tena darasa lingine. Wajapani wanalo hilo zamani sana.

Lakini kuna siri hapa na nisipoisema haitakusaidia. Wale wanaokaa nyuma WASIMWANGALIE MWALIMU. Ukimwangalia mwalimu utaandika "sauti nzuri, chati nzuri, ubao uligawanywa vizuri", yaani upuuzi wa ukaguzi uleule uliotuharibu. Kila mmoja achague watoto watatu aandike neno kwa neno wanachosema na wanachofanya. Sisi tulifanya hivyo somo la mfumo wa damu, mimi nikakaa karibu na kikundi cha nyuma, mwalimu anaongea vizuri sana mbele kuhusu moyo, na kule kwangu mtoto anamwambia mwenzake damu ya bluu ni ya wazungu. Ilitoka kwenye ile chati, si mnajua ile, mishipa myekundu na mishipa ya bluu. Hakuna aliyewahi kuwaambia bluu ni rangi ya mchoraji tu, damu yote ni nyekundu, yenye oksijeni inang'aa zaidi na nyingine ni nyekundu iliyoiva. Miaka yangu yote nimetumia chati ile na sikuwahi kufikiria.

Kuhusu watoto 118. Usijaribu kuonyesha kitu mezani mbele, wanaoona ni thelathini wengine wanaona migongo. Gawa vikundi vya nane nane, kila kikundi kopo lake la maharage, mtunza kopo wao. Theluthi moja watoke nje na jani na wadudu, theluthi mbili wabaki na kazi ya kuchora. Ni kelele, nakiri. Hedi akija dirishani mpe salamu uendelee.

---

Kweli_Tupu

Samahani mimi ndiye nitaharibu harufu ya chai. Mwaka 2022 walimu wa sayansi sekondari wenye digrii wakapandishwa mshahara mpaka shilingi milioni nne kwa mwezi. Sisi wa primari wa Gredi III, wenye cheti, tuko wapi, laki tano hazifiki. Na sera ya walimu ya 2019 inataka wote tuwe na digrii, karo tunalipa wenyewe. Sasa unaniambia Jumatano baada ya masomo nikae nichemshe maharage bure? Somo ni lilelile, mbegu ni ileile, oksijeni ni ileile, ila ukiifundisha P6 ni laki tano na ukiifundisha Senior Two ni mamilioni. Madamu nakuheshimu lakini waulize hao waliokutuma.

---

Babu_Tyuta

Kweli_Tupu hujakosea hata nukta. Nami sitakuambia ualimu ni wito, neno hilo limetumika kutunyima mengi. Ila madamu ameshapewa Jumatano zake nne na hawezi kubadilisha mshahara kwa siku hizo. Ushauri wangu kwake ni mmoja kutokana na hoja yako: semina isiongeze kazi. Kila Jumatano walimu waondoke na somo la wiki ijayo LIKIWA TAYARI, limeandikwa, vifaa vimo kwenye mfuko. Ukimpa mwalimu aliyechoka kazi ya ziada atakuchukia na ana haki. Ukimpunguzia Jumapili jioni ya kuandika mipango ya masomo atakuja hata bila chai.

---

Madamu_Kyegegwa

Aki asanteni sana, sikutegemea. Kweli_Tupu nimekusikia, nami nalipwa hizo hizo, si kwamba mimi ni malaika.

Maswali mawili ya haraka. Moja, nataka kufanya lile la kupima wanga kwenye jani kwa ayodini, ayodini nitapata zahanati, lakini spiriti sina, naweza kutumia waragi, ile pombe kali? Huku inapatikana kuliko maji. Pili, hedi wetu anataka gredi za kwanza, nimwambie nini akiona watoto wako nje badala ya kufanya pasti pepa?

---

Babu_Tyuta

WARAGI HAPANA. Kwanza ile ya kienyeji ina maji mengi haitoi ukijani wa jani vizuri, pili inashika moto, tatu utapoteza nusu ya walimu wako kabla ya somo kuanza. Nunua spiriti ndogo duka la dawa. Na hata spiriti usiiweke juu ya moto kamwe. Chemsha maji kwenye sufuria, IPUA, peleka sufuria mbali na jiko, halafu kikombe chenye spiriti na jani kikae ndani ya yale maji moto. Jani lichemshwe maji kwanza dakika moja au mbili lilegee. Likishakuwa jeupe, lisuuze, tia ayodini, penye wanga patakuwa bluu iliyokaribia weusi. Afanye mwalimu, watoto wasimame hatua kadhaa. Na usifanye jani moja. Siku mbili kabla funika nusu ya jani kwa karatasi nyeusi au karatasi ya kaboni likiwa bado mtini. Unaona? Kopo la pili tena, safari hii limekaa kwenye jani.

---

Mwl_Mpakani_Busia

La hedi niachie mimi. Mwonyeshe karatasi yenyewe ya PLE. Maswali 55, yale 40 ya sehemu A ni alama moja moja, yale 15 ya sehemu B yanabeba alama 60. Sasa chukua karatasi za miaka mitatu mhesabu naye ni mara ngapi wanauliza "toa sababu" au "kwa nini" au wanaleta mchoro. Kwa katekisimu mtoto anakusanya sehemu A, sehemu B inamkalia kifuani. Usimwambie mambo ya falsafa ya elimu, hesabu naye tu.

---

Nesi_wa_kijiji

Mimi si mwalimu, ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji, ila hili la malaria limenivuta. Ni kweli sisi ndio tunawaambia "una wadudu kwenye damu", kwa sababu nikisema vimelea mama ananiangalia tu. Labda tuanze kusema vyote viwili, sijui.

Mkitaka kitu kizuri cha kuwafundisha walimu, viluwiluwi vya mbu. Chota maji dimbwini au kwenye tairi, weka chupa ya kuona ndani, funga mdomo kwa kitambaa cha neti IMARA wasije wakatoka mkatulaumu sisi. Mkae mwangalie. Wale wa mbu anayeeneza malaria wanalala sambamba na uso wa maji, na wale wa mbu mwingine wa kawaida wananing'inia kichwa chini mkia juu. Kwa joto letu wiki moja na nusu mpaka mbili hivi kutoka yai mpaka mbu mzima. Mtoto akishaona kiluwiluwi kimegeuka mbu mbele ya macho yake huna haja ya kuimba wimbo wa kufukia madimbwi, ataenda kufukia mwenyewe. Na hapo mnamaliza ule ugomvi: mbu ni mdudu wa miguu sita, anabeba, na kile kimelea anachobeba si mdudu wa darasani, ni kiumbe cha seli moja, kinaingia kwenye chembe nyekundu za damu. Mtoto wenu alikuwa na mbu sahihi, malaria nusu sahihi. Nusu alama angepewa jamani!

---

Kijana_wa_Ngombe

Niko Kyegegwa pia, nafuga. Kuhusu kupe mwambieni mwalimu asijiamini sana kwamba wote wana miguu minane. Wakubwa ndiyo minane kama buibui. Ila vile vidogo vilivyotoka kwenye yai juzi vina sita. Mtoto wa mfugaji atakuletea hicho cha sita akuaibishe darasani.

---

Babu_Tyuta

Hahaha. Miaka yote hii na hilo sikuwahi kulitumia. Asante kijana, na hiyo ndiyo zawadi ya kumaliza nayo semina. Wape walimu kupe mdogo baada ya wote kuwa na uhakika.

---

Madamu_Kyegegwa

Narudi na ripoti, Jumatano mbili zimepita.

Ya kwanza, kofia. Walimu kumi na mmoja, walipiga alama tisa "mbegu kavu haiko hai", mbili iko hai. Mti kula udongo walisema ndiyo kumi. Hedi mwenyewe aliingia kwa ajili ya chai akabaki, akaanza kubisha kwamba mwembe wa nyumbani kwake umekula mbolea yote ya ng'ombe yeye aliona kwa macho. Nikamsimulia zile kilo tisini za udongo. Akanyamaza, akasema huyo mtu alipima vibaya. Tukaondoka hivyohivyo bila jibu kama mlivyosema, na nilitamani sana kutoa jibu, ulimi uliniwasha.

Kilichonishangaza ni mama yetu wa P2. Ni mtu mzima, amebakiza miaka michache astaafu, huwa haongei kwenye vikao. Akasema mwenyewe kwamba ni mmoja wa wale wawili. Walipomwuliza kwa nini, akajibu, "Mbegu imelala. Mama yangu alikuwa anatunza mbegu kwenye jivu juu ya jiko, na alikuwa anasema ukiiweka karibu sana na moto unaiua. Huwezi kuua kilichokufa." Basi. Hakuna chuo, hakuna diploma, na mimi mwenye diploma nilikuwa nimekaa pale na chaki yangu. Nikamwomba ashike makopo yeye.

Makopo sasa. Tuliweka kwenye darasa la P7 na usiku wa tatu panya wakala maharage yote mabichi, yaliyochemshwa wakayaacha, sijui wana sababu gani. Nilitaka kulia. Mwalimu wa hesabu akasema tayari tumepata jibu, panya wanajua yapi yako hai 😂 lakini mama wa P2 akasema hapana, hiyo si sababu, labda yalikuwa yameshaanza kunuka, turudie. Mnaona kitu alichofanya? Tukarudia, makopo juu ya kabati la hedi, na siku ya tano mizizi hii hapa, upande wa pili povu na harufu.

Jumatano ya pili tukafanya somo la mwl wa Busia. Kijana wetu wa P5, yule wa msalaba mkubwa, akajitolea mwenyewe kufundisha, duara kubwa na duara dogo. Sisi tukakaa na watoto watatu watatu. Nilimchagua yule mtoto wa malaria. Alipoitwa ubaoni akaandika malaria kwenye duara kubwa, akasimama, akaangalia duara dogo, akamwuliza mwalimu, "Huyu wa kwenye damu ana miguu mingapi?" Mwalimu akasema, mbele ya watoto 97 na walimu wenzake, "Hana. Mimi pia nimejua wiki hii." Darasa zima likacheka na yeye akacheka.

Si yote yalienda vizuri. Vikundi vya nyuma walikuwa wanachezea kopo, kelele zilifika mpaka barabarani, na walimu wawili hawakuja kabisa, mmoja kanitumia ujumbe WhatsApp kwamba ana shamba. Sawa. Somo lao limeandikwa, nimewapelekea.

Hedi amehesabu PLE na mimi, miaka mitatu, akakuna kichwa, hajasema neno lakini jana alitununulia spiriti.

Jumatano ya tatu ni moyo wa mbuzi, mchinjaji ameshaniahidi, swali ni kwa nini upande mmoja wa nyama ni mnene na sitawaambia. Ya nne nataka kupe, wakubwa na wale wadogo. Kijana wa Ngombe uko upande gani wa Kyegegwa?

---

Kijana_wa_Ngombe

Njoo Jumamosi asubuhi kabla hatujanyunyiza dawa. Lete chupa yenye kifuniko na uvae buti.